Sauti Isiyofika Sifuri

Jua lilikuwa linazama Kipaza alipotoka mara moja kununua mkate. Alimwacha mdogo wake kwenye cherehani, hedifoni masikioni.

"Nisikilizie huo ukurasa mpaka sauti isisikike tena," alimwambia. "Ni dakika tano tu. Ukisikia mkwaruzo, nitaurekebisha nikirudi."

"Na ukirudi bila siagi, usibishe hodi."

Wakacheka.

Kipaza, jina alilobandikwa tangu utotoni kwa sauti yake ya kupasua masikio, alikuwa fundi wa sauti za kwenye kurasa za mtandao. Watu wakimuuliza ni kazi gani hiyo, aliwatolea mfano wa maji. Sauti ni maji, kivinjari ni bomba, na yeye ndiye anayeandika koki ifunguke saa ngapi, kiasi gani, na ifungwe kwa mwendo upi. Akishaandika, koki inajiendesha yenyewe.

Ukurasa huu ulikuwa wa mteja aliyejiita Mtaalamu wa Usingizi. Mtu nadhifu, mwenye kunong'ona hata mchana kweupe. Alileta sauti ya mwanamke anayeimba bila maneno, akasema ni ya kuwabembeleza waliokosa usingizi. Sharti lake lilikuwa moja. Mwishoni sauti isikatwe. Ipungue nusu, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu tena...

"Kwa hesabu hiyo haitafika sifuri milele," Kipaza alimwambia.

"Ndiyo. Isifike."

Kipaza alidhani ni mbwembwe za wateja. Wateja wana mengi. Ukurasa ukawekwa hewani, na tangu juzi watu walikuwa wanausikiliza.

Aliporudi na mkate wake, na siagi, cherehani ilikuwa kimya.

Harufu ndiyo iliyompokea mlangoni. Udongo... udongo mbichi, kama shimo limechimbwa sasa hivi katikati ya sebule.

Mdogo wake alikuwa ameketi palepale, kichwa kimeinama upande. Mkono umeshika kitambaa. Sindano imepita kwenye kidole chake cha shahada na kutokea upande wa pili, na damu imeganda.

Hakuwa na habari.

"We! Kidole chako!"

Kipaza akatupa mkate, akaichomoa ile sindano, akamvua hedifoni. Mdogo wake hakugeuka. Midomo ilimcheza.

"Abee," alinong'ona. "Abee... nakuja."

Kipaza akaifunga kompyuta kwa kishindo. Kimya. Lakini mdogo wake aliendelea kusikiliza.

"Abee."

Hapo ndipo simu ilipoita.

"Umeikata njiani," alisema Mtaalamu, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Sasa iliyobaki imebaki ndani yake. Usihangaike. Mwache alale."

"Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Mimi? Koki si umeiandika wewe?"

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli. Lakini Kipaza hakuzaliwa wa kulia mbele ya mwanamume anayenong'ona.

"Basi kama niliiandika mimi, nitaifuta mimi," alisema. "Kaa hapohapo kwenye simu usikie."

Akaiweka simu mezani, akaifungua kompyuta. Alijua la kufanya, na alilichukia. Sauti ilikuwa imekatwa njiani. Ilibidi ianzishwe tena pale ilipokatwa, kisha ishushwe mpaka chini kabisa, mdogo wake akiisikia.

Akamvisha hedifoni tena.

"Nisamehe," akamwambia.

Kwenye kioo cha kompyuta, namba ya koki ilikuwa ndogo mno, sifuri nukta sifuri sifuri na kitu. Kipaza akafuta maagizo yote aliyokuwa ameyapanga.

Namba ikaanza kupanda.

Peke yake.

Nusu. Moja. Mbili. Yeye hakuwahi kuiandikia koki hiyo ivuke moja, yaani sauti kamili. Tatu... Sasa sauti ilivuja nje ya hedifoni, ikajaa chumbani, na haikuwa wimbo tena. Yalikuwa majina. Majina ya watu, moja baada ya jingine, yakiitwa kwa upole kama mama anavyowaita wanawe waje kula.

Kisha likaitwa lake. Si Kipaza. Lile jina ambalo marehemu mama yao peke yake ndiye aliyelitumia.

Ulimi ukamwasha kuitikia.

Akajing'ata mpaka akaonja chumvi.

Mdogo wake alikwisha inuka. Alikuwa anatembea kuelekea mlangoni, waya wa hedifoni umekaza. Kipaza akamkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akaandika. Shika hapo ulipo. Akaandika tena. Shuka kwa mstari ulionyooka. Sekunde nane. Mwisho, sifuri.

Sifuri kamili.

"Usifanye hivyo," ilisema simu mezani. Kwa mara ya kwanza haikunong'ona.

Akabonyeza.

Sekunde nane ni nyingi, asikwambie mtu. Mdogo wake alikuwa mwembamba kama ufito, lakini alivuta kama watu wanne. Majina yakafifia, yakageuka kilio, kilio kikawa pumzi... Kipaza akamng'ang'ania huku akifoka, "Huyu ana mwenyewe! Unasikia? Ana mwenyewe!"

Namba ikasimama kwenye sifuri.

Mdogo wake akaporomoka mikononi mwake. Kisha akatazama kidole chake na kupiga ukelele. Kipaza hakuwahi kusikia ukelele mtamu kama ule.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza, akimfunga jeraha kwa kitambaa.

"Sijui. Foleni... Tulisimama foleni, gizani." Meno yalimgongana. "Dada, tulikuwa wengi. Wengine walikuwa bado na nguo zao za kulalia."

Simu mezani ilikuwa imekatika. Kipaza akageukia kompyuta. Watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wameufungua ukurasa ule wakati huohuo, na kurasa zao zote zilichota maagizo kwake. Akawaandikia wote yaleyale. Sekunde nane. Sifuri.

Akatuma.

Koki zikaanza kujifunga. Zikabaki mia tatu. Themanini. Kumi na mbili. Mahali fulani, watu asiowajua walikuwa wanazinduka na kuuliza ni saa ngapi.

Ikabaki moja.

Hiyo haikushuka. Akaituma amri tena, na tena. Ikakataa, kama iliyoshikwa na mkono mwingine. Kisha, polepole, ikaanza kupanda.

"Funga hicho kitu, tuondoke," mdogo wake alimsihi, akimvuta nguo. "Dada, tafadhali."

"Tangulia kwa jirani. Funga mlango nyuma yako."

"Na wewe?"

Kipaza akavuta kiti karibu, akakunja mikono ya gauni lake mpaka kwenye viwiko.

"Mimi namalizana na huyu Mtaalamu," alisema.