Tundu Dogo Mgongoni

Mtaani walimwita Rula. Alikuwa fundi wa kupanga vigae, na mistari yake haikupinda hata kidogo. Siku nzima alikuwa amepiga magoti au ameinama. Wenzake walipanda ngazi na boksi moja la vigae. Yeye alibeba mawili kwa mpigo.

"Huu mgongo ni chuma," alipenda kujisifu.

Asubuhi moja, ghorofa ya tatu ya jengo jipya, aliinama kunyanyua ndoo ya saruji. Kitu kikavuta kiunoni. Maumivu yakashuka kama umeme, kutoka kwenye tako, yakapita pajani, hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hakuweza kunyooka. Mafundi wawili walimshika mabegani wakamrudisha nyumbani.

Mkewe alikuwa mshonaji. Alisogeza cherehani pembeni, akamlaza mumewe sebuleni. Baada ya muda dada mkubwa wa Rula akaingia na chupa ya mafuta na maneno mengi.

"Mishipa imejikunja tu," alisema dada. "Nimekuja na mtu wa kumkanyaga mgongo. Mimi nilikanyagwa, nikapona."

Mtu mwenyewe alikuwa na mwili wa kuziba mlango. Alipoweka mguu wa kwanza, Rula alipiga yowe lililomtoa jirani nyumbani kwake.

Jirani huyo alifanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Watu walimwita Nyoosha, kwa sababu kila aliyelalamika maumivu alimwambia, "Hebu nyoosha nikuone."

"Shuka hapo mgongoni, ndugu yangu," alisema. Kisha akachuchumaa karibu na Rula. "Jirani, haja ndogo unapata vizuri? Huna ganzi katikati ya mapaja?"

"Maswali gani haya mbele ya dada yangu?"

"Maswali ya kukuokoa. Mkojo ukigoma, au sehemu ya kukalia ikifa ganzi, usisubiri hata saa moja. Kimbilia hospitali."

Rula alisema hayo hayakuwepo. Nyoosha akashusha pumzi.

"Niambie, fundi. Ukikandamiza kigae upande mmoja, saruji inafanya nini?"

"Inatokeza upande wa pili."

"Basi ndivyo ulivyo mgongo wako. Kati ya mfupa na mfupa kuna mto mdogo laini. Unaitwa diski. Wako umetokeza, unabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Tatizo liko kiunoni, kilio kiko mguuni."

"Kwa hiyo nipasuliwe?" aliuliza Rula.

"Taratibu. Wengi hupata nafuu bila kisu, ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili. Kesho daktari akuone, akupe dawa. Usilale siku nzima. Tembea kidogo kidogo. Mazoezi nitakufundisha mimi. Na kukanyagwa, basi."

Rula alifuata kila neno. Lakini wiki ya saba ilipita, na mguu bado uliwaka. Alikula amesimama kwa sababu kukaa kulimshinda. Mkewe alishona roho ikiwa juu, akimsikia mumewe kila anapoguna.

Wiki ya nane, ndala ya kushoto ilimvuka mguuni mara tatu kabla hajafika mlangoni. Mkewe akamwita Nyoosha.

"Inua kidole gumba," alisema Nyoosha.

Kidole kiliinuka nusu, kikaanguka. Rula alijaribu tena. Hakikuinuka kabisa.

"Mshipa unachoka," alisema Nyoosha. "Twende hospitali leo hii."

Walipiga picha ya mgongo kwa mashine kubwa ya sumaku. Daktari wa upasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya chini, akawaonyesha ile picha. Diski ilikuwa imechomoza na kuusukuma mshipa pembeni.

Dada alikuwa wa kwanza kusema. "Daktari, mgongo haupasuliwi. Mdogo wangu atapooza."

"Hofu yako naielewa, dada. Lakini hatufungui mgongo wote. Tunatoboa tundu dogo, kama upana wa kucha. Tunapitisha mrija mwembamba kama kalamu, wenye taa na kamera. Naona kila kitu kwenye kioo cha kompyuta. Naondoa kile kipande kinachobana tu. Misuli haiumizwi sana, ndiyo maana wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake."

"Na hatari zake?" aliuliza mke.

"Zipo. Mara chache kidonda hupata maambukizi, au mshipa huumia. Kwa wachache, diski hutokeza tena. Na si kila mgonjwa anafaa kwa njia hii. Mumeo anafaa. Kwa wengi kama yeye, maumivu ya mguu hupungua sana. Nguvu za mguu hurudi polepole, ila tusichelewe."

Rula akapiga moyo konde. "Dada, nikiendelea kukaa hivi ndio nitapooza. Nifanyiwe."

Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko walivyotarajia. Rula alipozinduka, alikunja uso akisubiri maumivu. Hayakuja.

"Mke wangu, mguu wangu upo?"

"Upo."

"Mbona hauumi?"

Mkewe alicheka huku machozi yakimtoka. Jioni hiyohiyo Nyoosha alimsimamisha. Rula alipiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Alifika mwisho wa ukumbi wa wodi, akageuka, akarudi. Kidonda kilimuuma kidogo, lakini ule umeme ulikuwa umezimika. Dada alisimama mlangoni, kaduwaa. Alikuja akainua shati la mdogo wake, akatazama bandeji ndogo mgongoni.

"Ni hapa tu?" aliuliza.

"Ni hapo tu, dada."

Kesho yake akarudi nyumbani. Hakunyanyua kitu kizito wala kuinama kwa wiki kadhaa. Alitembea kila asubuhi, akafanya mazoezi ya kuimarisha kiuno. Wiki ya sita baada ya upasuaji, kidole gumba kiliinuka chote. Miezi mitatu ilipotimia, daktari alimruhusu kurudi kazini.

Sasa anabeba boksi moja, amelikumbatia karibu na kifua, magoti yamekunjwa. Kila nusu saa anasimama na kujinyoosha. Mafundi walimcheka siku mbili, siku ya tatu wakaanza kumwiga. Dada naye, akisikia mtu analalamika kiuno, humwambia, "Usikanyagwe. Kapimwe kwanza."

Jumapili moja Rula na mkewe walikwenda sokoni kwa miguu. Walizunguka kila kibanda cha vitambaa, wakaanza kupanda kilima kurudi nyumbani. Katikati ya kilima mkewe akasimama, anahema.

"Baba watoto, tupumzike kidogo. Mimi nimechoka."

Rula alikuwa hatua kumi mbele, wala hakuwa amehisi kilima.