Kona Ngapi?

Saa moja na nusu asubuhi, soko la Madaraka pale Thika lilikuwa limejaa mpaka mtu anapita kwa ubavu. Warigia, gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe mpya, alikuwa amepotea, na ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Akamsimamisha kijana aliyekuwa akichagua ndizi.

"Samahani, kiwanda cha makadamia kiko wapi?"

"Utapita hapo kwa mama wa omena," kijana akaanza polepole, "utaona kanisa la mabati, usiingie. Sasa hapo kuna mzee anashona viatu, mzee mpole sana..."

"Bosi, nimechelewa. Kona ngapi?"

Kijana akacheka. "Mbili."

Kumbe huyo, Kyengo, ndiye aliyekuwa supavaisa wake. Miezi miwili haikuisha wakawa wapenzi, na kiwanda kizima kikajua. Kyengo alimpenda kwa maneno machache. "Umependeza." "Nimekumiss." "Kula kwanza." Warigia alitosheka, mpaka mwaka uliofuata, wafanyakazi wenzao wawili, Ndanu na Muema, walipokosana.

Ndanu alikuwa akichambua makadamia taratibu, hata moja bovu halimpiti. Muema alikuwa mtu wa mizani, na sauti yake ilisikika mpaka getini. "Harakisha, lori linangoja!" Kila akipaza, mikono ya Ndanu iliganda. Wakaacha kusemezana, kazi ikalala. Meneja akamwambia Kyengo awapatanishe kufikia Ijumaa, la sivyo mmoja aende nyumbani.

Basi Kyengo akaanza vikao na Ndanu nyuma ya magunia, saa ya chakula, wawili tu. Na tuseme ukweli, Ndanu alikuwa mzuri. Shingo ndefu, kilemba cha kijani, sauti ya chini ambayo lazima mtu ainame ndipo aisikie. Na Kyengo aliinama. Warigia aliwatazama kwa mbali, githeri ikipoa mbele yake. Dakika ishirini nzima mwanamume wa maneno matatu alikuwa akiongea bila kupumua.

Jumatano jioni Warigia akampigia Kyengo simu.

"Niko na Ndanu kwa laini, mrembo. Nitakupigia."

Alipiga baada ya nusu saa. Warigia hakushika. Alijifunika blanketi nyumbani kwao Gitothua, akamwambia mamake ni malaria. Malaria gani. Ilikuwa roho inauma.

Alhamisi akawafuata huko huko nyuma ya magunia, awafumanie. Akamkuta Muema pia, ameketi.

"Lori likichelewa ni mimi hugombezwa," Muema alikuwa akisema kwa upole. "Si kwamba nakudharau."

"Ukiniambia hivyo nafanya haraka," Ndanu akajibu. "Ukipiga kelele naganda."

Walipomwona Warigia alivyovimba kwa hasira, wakaondoka bila kuulizwa.

"Hao ni watu wawili tofauti," Kyengo akasema. "Ndanu anataka kando, polepole, aelezwe sababu. Muema ukimwita kando anadhani anafutwa, yeye anataka mzaha, mbele ya watu."

"Na mimi? Mimi unanipea maneno matatu kama mtu anaulizia bei ya unga, na yeye anapewa mahubiri. Nina wivu, Kyengo, na sifichi. Kama ni yeye unataka, sema leo niache hii kazi."

Kyengo akamtazama sana.

"Ni wewe ulinifundisha. Siku ya kwanza nilikuwa nimeanza stori, ukauliza kona ngapi. Nikajua huyu nikimrefushia ataniacha nikiongea na ndizi. Mwaka mzima nakata maneno, nikiogopa utanichoka."

Hasira za Warigia zilikuwa bado, lakini hazikuwa na pa kwenda.

"Siku hiyo nilikuwa nimechelewa," akasema. "Sasa sijachelewa. Mimi nataka yote, hata huyo mzee wa viatu."

"Basi keti." Kyengo akampangusia gunia. "Jumamosi ya pili mwezi ujao tutatoka kwetu Matuu mapema. Mimi, baba, na mjomba Ndambuki. Mjomba atatusimamisha Thika anunue kofia, hawezi kuja kwa wakwe kichwa wazi. Tutashika barabara kubwa, tupite Witeithie, baba akiuliza kila dakika kama tumefika. Ruiru tutakata kona, tuingie Gitothua. Kuna geti la bluu. Nitabisha mwenyewe, na mama yako akiuliza tunatafuta nini..."

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Kyengo akanyamaza, kwa mazoea.

Warigia akamshika mkono, hakusimama. "Endelea. Mama akiuliza?"