Rekodi ya Kumi na Tatu

Orodha ya wanachama waliofariki ilikuwa na majina kumi na mawili. Skripti, programu fupi ya kuwaandika marehemu, ilipomaliza kazi, kompyuta ilijibu: rekodi 13 zimebadilishwa.

Tusajigwe, mtunza kumbukumbu wa chama cha wakulima wa kakao pale Katumba Songwe, alihesabu upya kwa kidole. Kumi na wawili. Akafungua jedwali. Skripti yake ilitafuta watu kwa majina, si kwa namba, na huku nani asiyejua kwamba mjukuu hupewa jina la bibi? Anyelwisye Mwaipopo, mama mkwe wake aliyezikwa wiki iliyopita: marehemu. Anyelwisye Mwaipopo, binti yake wa miaka saba, aliyeandikwa mrithi wa bibi yake: marehemu.

"Kosa la jina tu, dada," akasema Zubery, fundi wa kompyuta. "Mrudishe."

Hapo ndipo ilipoingia harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua. Simu ikaita. Alikuwa Amon, mumewe, akinong'ona.

"Mtoto ameanguka uani. Hapumui vizuri."

Tusajigwe aliandika amri ya kumrudisha mwanawe, safari hii kwa namba, harufu ile ikimjaa kooni, na chini ya meza kitu kikikwaruza ubao taratibu kama mtu anayepapasa mlango gizani, huku Zubery, aliyekuwa ameanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya chini, akikwama kila alipofika katikati na kulazimika kuanza upya. Rekodi 1 imebadilishwa. Akamshukuru Mungu. Idadi ilikuwa sawa, hakutazama ni nani.

"Ameamka," Amon akasema, lakini sauti yake haikuwa na furaha. "Mama Anye, ananiita mwanangu. Anauliza nani amehamisha kinu chake."

Tusajigwe akafungua jedwali. Bibi: hai. Mtoto: marehemu. Akatuma amri tena, na tena, akilia waziwazi. Rekodi 0. Rekodi 0.

"Kuna jini humu, dada. Jini haliandikiwi amri," akasema Zubery, akatoka kwenye mvua bila viatu.

"Mpe simu," Tusajigwe akamwambia mumewe.

Sauti nyembamba ya binti yake ikaja, tulivu, yenye adabu ya kizee, ikishukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mkamwana. Asante kwa kunitoa. Ila kule ni baridi sana. Mpelekeeni mtoto shuka."