Thibitisha Kuwa Ni Wewe

Mlio wa ujumbe ulisikika, lakini simu iliyokuwa mkononi mwa Ouassila haikuwa na kitu.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia, mama," akajibu bintiye, Ghizlane. "Imeingia hiyo. Nisomee namba."

"Nikusomee nini? Hakuna kitu!"

Ilikuwa Jumatano ya Agosti, saa saba mchana, saa ambayo mji mzima wa Tlemcen, Algeria, hufunga madirisha ukalala kulikimbia jua. Wao wawili walikuwa uani mwa nyumba yao kongwe, kompyuta mezani, kahawa imeshapoa. Chuo kimoja cha Uhispania kilikuwa kimempa Ghizlane nafasi ya kusomea udaktari wa macho, nacho kilitaka jibu kabla ya Alhamisi adhuhuri. Fomu ya kujibu ilikuwa ndani ya barua pepe ya mama, maana ndiyo anwani Ghizlane aliyoandikisha. Na tangu Jumapili barua pepe hiyo haifunguki.

Thibitisha kuwa ni wewe. Neno la siri, sawa. Chagua picha zenye ngazi, sawa. Tumekutumia namba kwenye simu yako. Kisha kimya. Kisha tena: Thibitisha kuwa ni wewe.

Ouassila alipiga meza, vikombe vikaruka. "Miaka thelathini nimefundisha hesabu mji huu! Nusu ya mahakimu wa hapa nimewavuta masikio! Leo bati hili linaniuliza mimi nani?"

"Polepole, mama. Bonyeza tena."

"Bonyeza tena, bonyeza tena! Bonyeza wewe!"

Ghizlane akabonyeza. Mlio ukalia, na safari hii aligeuza shingo, kwa kuwa haukutoka mezani. Ulitoka pembeni mwa ua, chini ya kifuniko cha mbao cha kisima ambacho hakijatekwa maji tangu mabomba yaingie mtaani. Pakanuka udongo mbichi na nywele zilizoungua. Kwenye kioo cha kompyuta yakajiandika maneno mapya: Umeshaingia kwa kifaa kingine. Mahali: hapo ulipo.

"Mama," Ghizlane alinong'ona, "tuingie ndani."

Asubuhi ya Alhamisi Ghizlane akamleta Sheikh Benamar, mzee mfupi anayewasomea watu waliopagawa, chupa ya maji ya kisomo kwapani. Sheikh alifunua kisima, akasoma kwa muda mrefu, kisha akainama.

"Wewe uliyemo humu, nani?"

"Ouassila binti Zoulikha," kikajibu kisima.

Ghizlane akamtazama mama yake mdomoni. Ilikuwa sauti ya mama yake hasa, na ule mkwaruzo wake wa chaki.

"Mwongo mkubwa!" Ouassila alifoka. "Ouassila ni mimi!"

"Binti," sheikh alisema chini chini, "uliza jambo analolijua mama yako peke yake."

Ghizlane aliinamia kisima. "Siku tuliyomzika baba, uliniambia nini jikoni?"

"Nilikwambia ule kwanza," sauti ya kisimani ikajibu kwa upole. "Kulia kupo tu."

Ndivyo alivyoambiwa. Hakuna mwingine aliyekuwepo. Akamgeukia mama yake, na Ouassila akayaona yale macho, akaanza kulia kwa hasira.

"Hata wewe? Nimekuzaa, nimekulea, na wewe unataka nithibitishe? Sijibu! Nimechoka kuulizwa mimi nani!"

"Basi, basi," sheikh alisema. "Mwenye mwili ndiye mwenyewe. Njoo, mama, umfukuze kwa mdomo wako. Mara tatu."

Ouassila alishika ukingo wa kisima, akainama, akasema toka, na ile harufu ikapanda. Akasema toka, na kutoka chini neno lilelile likarudi kwa sauti ileile, toka, mpaka Ghizlane hakujua tena lipi limetoka juu na lipi limetoka chini, na sheikh akawa anasoma kwa kupaza sauti huku akimimina maji, na mama akainama zaidi, na zaidi, kilemba kikamdondoka kikapotelea gizani, ndipo ikatoka toka ya tatu, ndefu kama kilio cha mtu anayeanguka, na Ouassila akalala chali kwenye vigae, macho amefumba.

Alipofumbua macho alitabasamu. Sheikh akamshukuru Mungu, akapigilia kifuniko misumari, akaenda zake.

Zilibaki dakika kumi kufika adhuhuri. Ouassila aliketi mbele ya kompyuta, akagusa, na barua pepe ikafunguka papo hapo bila swali hata moja. Akajaza fomu, akaituma.

"Imekubali?" Ghizlane hakuamini.

"Imekubali, binti yangu."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika, binti yangu."

"Hebu niangalie tena. Imekubali kweli?"

"Imekubali, binti yangu," alijibu kwa utulivu uleule, bila kupepesa jicho, mikono imetulia mapajani.

Ghizlane alirudi nyuma hatua moja. Chini ya mbao zilizopigiliwa misumari, mbali sana, sauti iliyokauka kwa ghadhabu ilikuwa ikipiga kelele:

"Ghizlane! Ni mimi! Nikwambie mara ngapi?"