Uzi wa Mwashi wa Tarnovo

Sogeeni hapa karibu na jiko, wanangu. Na wewe unayetafuna, nyamaza kidogo, maana hadithi hii haisemwi kwa sauti kubwa mvua ikinyesha.

Kofia ya yule mwashi ilikuwa kavu. Tsonka aliliona hilo kwanza. Mvua iliwaandama yeye na mdogo wake Bilyana tangu Plovdiv, ikawafuata hadi Tarnovo, mji wa pili wa matembezi yao. Na mtu yule alikuwa akitengeneza ukuta wa nyumba ya kale katika mvua hiyohiyo, mkavu kama mkate wa juzi.

"Egemea hapo, binti mzuri, dada yako akupige picha," akasema.

"Binti! Mimi nina wajukuu, mzee," Bilyana akacheka. "Dada, umesikia? Wewe hujaitwa binti."

"Huyo haoni vizuri. Tabasamu upesi, nalowa."

Tsonka alipopiga picha, alimwona mwashi akinyoosha uzi mwekundu nyuma ya mdogo wake, toka kisigino hadi utosi, akaukata, akausukuma kwenye chokaa mbichi. Harufu ya mishumaa iliyozimwa ikamjaa puani.

Nyumba ya wageni iliwasha taa mapema kwa giza la mvua. Mama mwenye nyumba akaleta supu ya maharage. Kivuli chake kilikuwa ukutani. Cha Tsonka nacho kilikuwepo. Kwa Bilyana, kivuli cha kijiko kilipanda na kushuka peke yake.

"Dada, mbona baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa?"

Mama yule akatazama ukutani, akafanya ishara ya msalaba. "Wamempima kivuli kwa uzi," akamnong'oneza Tsonka. "Ukuta ukila kivuli cha mtu hauanguki tena, lakini mwenyewe hukauka mpaka afe. Kimbia ukautoe! Chokaa ikishika, basi."

Tsonka akakimbia bila mwavuli, akipanda vichochoro vilivyogeuka mifereji, na kila ukuta aliopita ulikuwa ukipumua polepole kama mtu aliyelala, na harufu ile ya mishumaa ikazidi, hata alipofika na kutia kucha kwenye chokaa, ukuta ukamwita kwa sauti ya Bilyana:

"Dada, umechelewa. Huku hakuna nafasi hata ya kugeuka."

Akachimba mpaka vidole vikatoka damu, akaupata uzi, akauvuta wote.

"Chukua," mwashi akasema nyuma yake, bado mkavu. "Lakini ukuta wangu haulali na njaa."

Tsonka akaufunga uzi mkononi. "Mdogo wangu tangu utotoni anaogopa giza," akasema. Akageuka, akaegemea. "Nipime mimi."

Alirudi akamkuta Bilyana anaomba supu nyingine, mashavu mekundu, na kivuli chake kikubwa ukutani. Yeye mwenyewe akakaa mbali na taa.

Tsonka alikauka, akafa kabla matunda ya micheri hayajaiva. Bilyana alirithi nyumba na shamba la waridi. Mama wa nyumba ya wageni alirithi mwavuli uliosahauliwa mlangoni. Ukuta ukarithi kilichobaki. Bilyana huenda pale kila mwaka, na mvua ikianza husikia sauti ya dada yake ikiuliza kama amevaa koti.

Safari hii haikuuliza habari ya koti. Ilisema, "Mdogo wangu, unalowa. Njoo uegemee kidogo."