Aliyeitika Mlimani

Bi Sheikha aliita kutoka jikoni na hakuna aliyeitika.

"Basma! We Basma!"

Alipogeuka, bintiye alikuwa amesimama mlangoni, karibu mno, akimtazama.

"Siku hizi huitiki? Kwani nilizaa bubu?"

"Nimekuja, mama."

Fairuz, dada mkubwa, aliyekuwa akichambua mchicha, alisita. Katika nyumba yao ya Kisauni mtoto akiitwa huitika "abee" hata akiwa bafuni na povu machoni. Basma ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Walimtania kwamba angeitika hata akiitwa na kuku. Lakini tangu warudi kutoka Milima ya Shimba, hajaitika hata mara moja.

Na Fairuz ndiye aliyempeleka. Alikuwa akisomea mimea chuo kikuu, na utafiti wake ulitaka auone msitu wa huko kipupwe na kiangazi. Kipupwe kile walivuka feri ya Likoni wamevaa masweta, wakaukuta mlima umefunikwa na ukungu. Walipokuwa chini ya miti, sauti ya mwanamke, kama ya mama yao kabisa, iliita nyuma yao: "Basma!"

"Abee!" Basma aliitika papo hapo, kwa adabu aliyolelewa nayo, akarudi nyuma kuangalia. Ukungu ukamficha. Aliporejea, Fairuz alikuwa ameloa manyunyu mpaka nguo za ndani.

Basma alikuwa mkavu.

Joto la kaskazi lilipoingia, kila mtu mtaani akilalamika, Basma alikaa juani uani bila kutoka jasho. Chumba chao kilinuka majani yaliyooza, na Fairuz alipofua mashuka harufu ilizidi, na kila alipogeuka kitandani alikuta uso wa mdogo wake umeelekea kwake, macho wazi, ukingoja kama mgeni anavyongoja kuonyeshwa pa kukaa.

Alimwendea jirani yao Kache, muuza viazi karai, ambaye kwao ni Kaloleni na marehemu nyanyake alikuwa mganga.

"Aliitika kabla hajamwona anayemwita?" Kache alinong'ona.

"Ndiyo."

"Msituni? Nyinyi Waswahili na abee zenu! Mtoto wa kwetu angefyata mdomo." Hakucheka. "Sasa ukungu umeondoka, mrudishe pale pale. Muite jina lake mara moja tu. Atakayeitika ndiye wako. Mshike mkono, shuka naye, usigeuke."

"Na nisipofanya hivyo?"

"Masika yakianza ukungu utarudi, na huyo uliye naye nyumbani ndiye mtakayezeeka naye."

Basma hakukataa safari. Hilo nalo lilimtia Fairuz shaka. Mlima ulikuwa mwingine kabisa: majani makavu yakivunjika chini ya viatu, jua likipenya kila mahali, mbali kote kukionekana mpaka baharini. Walipofika pale pale, Fairuz aliushika imara mkono wa mdogo wake, akaita:

"Basma!"

"Abee, dada," alisema msichana aliyekuwa kando yake, upesi, akitabasamu.

Fairuz alitaka kulia kwa furaha. Ndipo, kutoka bondeni chini ya miti, sauti nyembamba iliyokauka ikajibu pia:

"Abee!"

"Umesikia?" Msichana alimsogelea sikioni. "Wallahi dada, ndiyo sauti iliyonidanganya mimi. Ukienda hutarudi. Twende zetu."

Yaliyosemwa yalisikika kuwa ya kweli kabisa, na ndiyo hasa ambayo Basma angeyasema, na ndiyo hasa ambayo kitu kisicho Basma kingeyasema, na Fairuz, aliyezoea kutambua mmea kwa mshipa mmoja wa jani, alimtazama msichana yule kope kwa kope asione tofauti yoyote, huku majani makavu bondeni yakianza kuvunjika, taratibu, kama mtu dhaifu anayepanda kilima.

Miguu yake ndiyo iliyoamua. Alianza kushuka njia waliyopandia, bila kuuachia mkono aliokuwa ameushika.

"Dada!" sauti ililia nyuma yao. "Dada Fairuz, mbona waniacha tena?"

"Usigeuke," alisema aliyemshika mkono.

Hakugeuka. Sauti iliita mpaka ikapwelea, na ilipokata kabisa, Fairuz alimsikia mwenzake akishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo, kisha akicheka peke yake, kidogo tu.