Rekodi ya Fundi Pampu

Haki ya Mungu, wapangaji wenzangu, haya ninayowasimulia mimi babu yenu ni kweli tupu. Hata chembe ya chumvi sijatia.

Walikutana chuo cha ufundi, saa ya mapumziko, kwenye soketi moja iliyogombewa na simu za darasa zima. Binti alivaa ovaroli ya buluu, grisi shavuni. Kijana, mwanafunzi wa ushonaji, alining'iniza futi shingoni kama tai ya waziri.

"Dada, shavu lako linataka sabuni."

"Na shingo yako inataka kamba, si futi."

Basi, kijana akawa hoi.

Pale chuoni kila mwanafunzi hujirekodi akieleza kazi huku mikono ikiifanya, bila kukatisha, ili mwalimu asikie alipokosea. Simu ya binti ilikufa, akawa anarekodi kwa simu ya kijana, sasa mpenzi wake.

Siku ya mwisho ya mtihani akampigia kwa simu ya kuazima.

"Laazizi, rekodi yangu ya pampu umeshamtumia mwalimu?"

Kijana akamuuliza kama ameshakula.

"Sema basi, roho yangu."

"Nimeifuta. Simu ilijaa, nikataka nafasi ya kurekodi pindo la suruali. Nilifuta bila kusikiliza."

"Umefuta cheti changu! Kiwanda cha maji kinakitaka kesho, la sivyo kazi anapewa mwingine. Usinijue, nisikujue!"

Kijana akakimbia mji mzima, viatu vikifuka moshi. Akamkuta karakana sakafuni, macho mekundu. Mlinzi alikuwa akifunga madirisha.

"Rudia, mama. Simu nashika mimi."

"Spana inaniponyoka. Nimeisha, mwenzio."

"Iponyoke. Wewe sema tu."

"Nafungua kifuniko... natoa mpira uliochakaa..." Sauti inakatika, machozi yanadondokea boliti. Mara ya kwanza pampu ikakohoa, ikazima. Akaifungua upya, akieleza kosa lake kwa kwikwi. Hatimaye maji yakaruka! Kijana akapiga goti: "Nikuoe?"

"Babu!"

Lo! Ni binti mwenyewe, siku hizi fundi, ameinama kwenye pampu ya ua wetu. Nilisahau kabisa kwamba yupo hapa akiitengeneza. Akapangusa mikono, akabonyeza simu yake, akacheza rekodi ya siku ile. Tukasikia maji, kisha sauti yake ikilia: "Mjinga wewe, utanioa au hunioi?" Na kijana akilia kumshinda.

"Goti liko wapi, babu?"

Wapangaji wakanizomea. Nikamwita muuza chai: "Wamiminie wote, juu yangu. Na fundi umwongeze sukari, pengine atanyamaza."